Daniel Owen, fundi wa nguo mwenye alifunua siri za mugodi

Fundi wa kushona anajulikana kwa kungojesha watu. Daniel Owen, fundi wa mji mdogo wa Mold, kaskazini-mashariki mwa Wales, aliwangojesha kwa hadisi. Vitabu vyake vilitoka kwanza kipande kwa kipande ndani ya magazeti, na msomaji alipaswa kungoja gazeti la mbele ili ajue mambo yameendelea namna gani.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa kumi 1836, kitinda mimba wa watoto sita. Baba yake, Robert, alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Mwezi wa tano 1837, maji yaliingia ghafla ndani ya mugodi wa Argoed. Baba na ndugu zake wawili, James na Robert, wakafia humo. Daniel alikuwa hajafikisha hata mwaka moja.

Mama akabaki na watoto na umaskini. Masomo ya Daniel yakawa machache. Karibu na umri wa miaka 12 alipelekwa kujifunza kushona kwa fundi Angel Jones. Ndani ya atelie ile wafanyakazi walibishana juu ya dini, siasa na vitabu huku sindano zikitembea. Hapo njo alipata shule yake.

Mwaka 1865 aliingia chuo cha wahubiri cha Bala. Hakumaliza. Ndugu yake alioa, mama na dada wakabaki bila wa kuwalisha, na mwaka 1867 Daniel akarudi nyumbani kushona. Aliendelea kuhubiri mpaka 1876, wakati mshipa wa damu ulipasuka ndani ya pafu lake. Afya yake haikurudia tena kuwa ya zamani. Mchungaji Roger Edwards, msimamizi wa gazeti la kanisa Y Drysorfa, akamsukuma aandike.

Daniel alijua lugha mbili. Mwaka 1859 alikuwa ametafsiri hadisi ya Kimarekani juu ya ubaya wa pombe, toka Kiingereza. Lakini hadisi zake mwenyewe aliziandika kwa Kiwelsi. Hilo halikuwa jambo dogo katika eneo lile. Kwenye mugodi wa Leeswood Green, karibu na Mold, mkubwa wa kazi John Young, Mwingereza, alikuwa amekataza wachimbaji kusema Kiwelsi chini ya udongo. Mwaka 1869 akapunguza na mishahara. Wachimbaji wakamshambulia. Siku ya hukumu yao, tarehe 2 mwezi wa sita, watu walirusha mawe, askari wakafyatua risasi, na wanne wakakufa.

Mambo hayo yanasikika ndani ya Rhys Lewis, kitabu cha 1885. Bob, mchimbaji mwenye kutetea wenzake, anatupwa buloko juu ya fujo ambazo hakuziunga mkono. Anatoka, anarudia kazi, na mwishowe mugodi unamuua, sawa vile ulivyowaua watu wa nyumba ya muandishi.

Enoc Huws, cha 1891, kinabana moyo zaidi. Kapiteni Trefor ni mtu wa maneno matamu, anaheshimiwa ku kanisa, na anaongoza mugodi wa madini ya risasi. Yeye anajua kama chini hakuna kitu, lakini anaendelea kula franga za wenye kumwamini. Enoc, mwenye butiki, yatima aliyelelewa katika nyumba ya maskini, anamkabidhi akiba yake juu amependa binti yake, Susi. Msomaji anaona mtego, Enoc hauoni. Na nyuma ya siri ya mugodi kuna siri ingine ya familia, yenye inangojea mpaka harusi iko karibu.

Daniel Owen alitoa kitabu chake cha mwisho kikubwa, Gwen Tomos, mwaka 1894. Alikufa tarehe 22 mwezi wa kumi 1895, siku mbili kisha kufikisha miaka 59. Hakuoa kamwe.

Leo sanamu yake iko Mold. Na kwenye Eisteddfod, sikukuu kubwa ya lugha ya Kiwelsi, kuna zawadi yenye jina lake. Wanaipa muandishi wa kitabu cha hadisi yenye kushika msomaji toka mwanzo mpaka mwisho, na kitabu hicho lazima kiwe cha Kiwelsi, lugha ile ile iliyokatazwa chini ya mugodi wa Leeswood.