Maisha ya Bibi Maria Montessori, Daktari Aliyewafungulia Watoto Wadogo Nyumba

Watu mashuhuri ambao habari zao husomwa sana shuleni ni wafalme, majemadari na wasafiri. Mimi muhula huu naomba nafasi niwasimulie habari za mwanamke ambaye jina lake limeandikwa juu ya vibao vya shule za watoto wadogo katika miji mingi ya nchi yetu. Ukimwuliza mpita njia jina hilo ni la nani, huenda akakujibu kuwa ni neno la Kizungu tu lenye maana ya chekechea. Sivyo. Ni jina la mtu, naye hakuanza kazi yake kwa ualimu bali kwa udaktari. Jambo hilo ndilo lililonivuta kusoma habari zake.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchi ya Italia. Baba yake, Bwana Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Bibi Renilde, alipenda sana vitabu, katika siku ambazo wanawake wengi wa nchi ile hawakujua kusoma. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokuwa angali mdogo wazazi wake walihamia Roma, mji mkuu, naye akatiwa shuleni huko.

Alipofikia umri kama wetu sisi wa kidato cha nne, alikuwa akisoma katika shule ya ufundi pamoja na wavulana, maana alitaka kuwa injinia. Baadaye akabadili nia, akataka kuwa daktari. Baba yake hakupendezwa na shauri hilo hata kidogo, lakini mama yake alisimama upande wa binti yake. Katika Chuo Kikuu cha Roma alipata taabu nyingi. Ilionekana ni aibu mwanamke kupasua maiti mbele ya wanafunzi wanaume, kwa hiyo ilimbidi afanye somo hilo peke yake, wenzake wakiisha ondoka. Fikirini msichana yumo peke yake jioni katika chumba cha maiti, na kisu mkononi! Lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1896 alipewa shahada ya udaktari, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kuipata.

Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, hawana mchezo, hawana kitu cha kushika mikononi, wala hapana mtu wa kuwafundisha lolote. Daktari Montessori aliona kwamba watoto hao walikuwa na njaa isiyo ya chakula. Akavisoma vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya mbao na vya nguo ambavyo mtoto aliweza kuvishika, kuvipanga na kuvifungua. Baada ya muda baadhi ya watoto wale walifanya mtihani wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu wakamsifu. Yeye akajiuliza swali jingine: ikiwa hawa wameweza kuwafikia watoto wazima, basi hao wazima wanazuiliwa na nini wasiende mbele zaidi?

Kabla sijaendelea, yako mambo ya huzuni katika maisha yake ambayo si haki kuyaficha. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, jina lake Mario. Baba wa mtoto alikuwa daktari mwenziwe, nao hawakuoana. Katika nchi ile, siku zile, mwanamke aliyezaa bila ndoa angepoteza kazi yake na heshima yake yote. Kwa hiyo mtoto alipelekwa shamba, akalelewa na watu wengine. Mama yake alikuwa akienda kumtazama, lakini hakukaa naye mpaka Mario alipokuwa kijana, na hata hapo, kwa miaka mingi, walimwengu waliambiwa kuwa ni mpwa wake. Mimi naamini kwamba mtu aliyeonja uchungu wa kutengwa na mwanawe hawezi kumdharau mama anayemwacha mtoto nyumbani kwa sababu ya kutafuta riziki. Na akina mama wa namna hiyo ndio aliokutana nao San Lorenzo.

San Lorenzo ni mtaa wa Roma. Katika miaka ya 1880 watu wenye fedha walijenga huko majumba makubwa kwa haraka, kisha biashara ikaanguka, na majumba mengine yakabaki nusu. Maskini waliokosa pa kulala wakaingia, familia nyingi katika nyumba moja, na maradhi pamoja nao. Baadaye kampuni moja iliyatengeneza majumba hayo na kuwapangisha watu. Mchana kutwa baba na mama walikuwa kazini, na wale watoto wakubwa shuleni. Walibaki wadogo, wa miaka mitatu hadi sita, hawana mlezi. Walikimbia ngazini, wakachafua kuta na kuharibu vitu. Wenye nyumba wakapiga hesabu, wakaona ni afadhali fedha za kutengeneza kuta zitumike kuwapatia watoto hao chumba na mtu wa kuwaangalia. Wakamwita Daktari Montessori.

Tarehe 6 Januari, 1907, chumba hicho kilifunguliwa katika njia ya Via dei Marsi, kikaitwa Casa dei Bambini, maana yake Nyumba ya Watoto. Waliingia watoto wapatao hamsini. Mlezi wao wa kwanza hakuwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo, nazo meza na vifaa havikuwa vingi.

Sasa naomba msomaji atazame sana masharti ya nyumba ile, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa ujuzi wa daktari. Wazazi hawakutozwa ada. Lakini ukutani palibandikwa sheria: mtoto aletwe akiwa amekoga, na nguo zake ziwe safi, mama aje kuzungumza na mlezi angalau mara moja kwa juma, aeleze hali ya mtoto nyumbani na kusikiliza hali yake shuleni, na mzazi amheshimu mlezi. Asiyetimiza, mtoto wake angeweza kurudishwa. Naye mlezi alipaswa kukaa katika jengo lile lile, awe jirani wa wazazi, aone wanavyoishi. Watoto walipimwa uzito na urefu, na habari za kila mmoja zikaandikwa. Ndiyo kusema shule ile haikumchukua mtoto na kumwacha mama mlangoni. Ilimshika mkono mtoto, na mtoto akamvuta mama yake.

Siku moja Daktari Montessori aliwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi kwa leso, polepole, bila kelele. Kwetu jambo hilo laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Watoto hawakucheka. Walitazama kwa makini, na alipomaliza walimpigia makofi mengi. Yeye mwenyewe alishangaa, kisha akaelewa. Kila siku watoto wale walikuwa wakikaripiwa kwa sababu ya pua zao, lakini hapana mtu hata mmoja aliyewahi kukaa nao na kuwafundisha vizuri. Usafi ulikuwa kwao fimbo ya kupigiwa. Siku ile uligeuka kuwa elimu, na elimu ni heshima. Mtoto aliyejua kunawa, kufunga vifungo na kufagia alirudi nyumbani akiyataka mambo hayo huko pia, na akina mama nao wakaanza kuyaangalia majumba yao kwa jicho jingine.

Sisi tunaokaa katika milima hii ya Amani tunaweza kuyafahamu mambo ya San Lorenzo ingawa Roma ni mbali. Alfajiri, ukungu ungali juu ya mashamba ya chai, akina mama hutoka na vikapu mgongoni, na hawarudi mpaka jua limepinda. Shangazi yangu ni mmoja wao. Mwanawe mdogo alikuwa akiachwa na dada yake wa miaka tisa, na dada huyo akakosa masomo siku nyingi kwa ajili ya kumlinda. Kisha akina mama kadhaa walishauriana, wakamwomba bibi mmoja mzee awakalie watoto wao barazani kwake, na kila mama akatoa unga na sukari kidogo kwa uji. Haikuwa shule yenye kibao. Lakini asubuhi moja bibi huyo alimwona mtoto wa shangazi hachezi, amejikunyata juani wala uji hautaki. Hakungoja jioni, alituma mtu shambani kumwita mama yake. Zahanati wakampima, wakamkuta na malaria, akapewa dawa, akapona. Kila mtu hapa anajua kwamba malaria humwahi mtoto mdogo kuliko mtu mzima. Amani imekuwa mahali pa utafiti tangu mwaka 1902, zamani za Wajerumani, na malaria imechunguzwa hapa kwa miaka mingi. Hata hivyo dawa haimfikii mtoto ambaye hapana aliyemwona kuwa ni mgonjwa. Bibi yule alikuwa jicho.

Nirudi kwenye habari zangu. Sifa za Nyumba ya Watoto zilienea upesi. Mwaka 1909 Daktari Montessori alitoa kitabu cha kueleza njia yake, kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka 1913 alizuru Marekani, akapokewa kwa shangwe. Mwaka 1929 yeye na Mario, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake mkuu, waliunda chama cha kuilinda kazi hiyo ulimwenguni.

Lakini wakuu wa dunia si wote waliopenda watoto wafundishwe kujiamulia. Mussolini, mtawala wa Italia, mwanzoni alizisaidia shule zake. Walipokosana, mwaka 1934 zikafungwa, naye akaondoka kwao. Huko Ujerumani serikali ya Hitler ilizifunga vile vile. Akahamia Hispania, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamfukuza huko, akakimbilia Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 66, na kazi yake ilikuwa kama ya mtu anayejenga kibanda mtoni, kila mara maji yanakichukua.

Mwaka 1939 alialikwa Bara Hindi kufundisha walimu, akaenda na Mario. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza. Kwa kuwa wao walikuwa Waitalia katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, Mario alitiwa kizuizini, na mama yake akazuiwa asitembee apendavyo. Mwezi Agosti, 1940, alipotimiza miaka 70, Waingereza walimfungulia Mario arudi kwa mama yake. Hapana zawadi ambayo ingempendeza zaidi. Walikaa huko mpaka 1946, wakifundisha walimu wengi, na katika miaka hiyo alizidi kuwachunguza watoto wachanga, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Aliona kwamba umri huo, ambao watu wengi huudhani kuwa ni wa kula na kulala tu, ndio mtoto anapojenga akili yake yote.

Bibi Maria Montessori alifariki tarehe 6 Mei, 1952, katika mji wa Noordwijk, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 81, na huko ndiko alikozikwa. Inasimuliwa kuwa hata mwisho wa maisha yake alikuwa akizungumza na mwanawe juu ya safari ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kwenda kufundisha walimu. Mauti yakamtangulia.

Yeye hakufika, lakini kazi yake ilifika Afrika, na hata katika milima yetu ya Usambara, maana huko Lushoto masista wamefundisha walimu wa chekechea kwa njia yake. Tena, mwaka 2021 serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo imeweka pamoja mambo matano: afya, lishe, malezi, ulinzi, na kujifunza. Nilipoyasoma matano hayo niliikumbuka Nyumba ya Watoto ya 1907, ambayo ilikuwa na mzani wa kupimia watoto, na sabuni, na mlezi, na mama aliyekuja kuzungumza kila juma.

Wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo tunaijua sote, ila mara nyingi tunaitumia kumlaumu mama peke yake. Maisha ya Bibi Montessori yamenifundisha kwamba mama naye huhitaji wa kumsaidia: jirani, mlezi, muuguzi, na baba pia. Wazazi mnaosoma gazeti hili, mkimpeleka mtoto chekechea msiishie mlangoni. Ingieni, ulizeni anakula nini, ana uzito gani, amecheza na nani. Nasi wanafunzi tutakaporudi nyumbani likizo, wadogo zetu watakuwa wakitungoja. Tuwafundishe kunawa na kupenga kamasi kwa upole, kama mtu anayefundisha somo, wala tusiwakaripie.