Nicholas Ferrar, Shemasi wa Little Gidding

Katika Uingereza, kaskazini-magharibi ya mji wa Huntingdon, kiko kitongoji kidogo kiitwacho Little Gidding. Nchi yake haina milima, ila miinuko midogo ya udongo mzito, mashamba na malisho, na bondeni chapita kijito cha Alconbury. Mgeni asiyejua habari zake angeweza kupita bila kusimama. Lakini jina lake limefika mbali kuliko la miji mingi, nasi twataka kuonyesha sababu yake.

Nicholas Ferrar alizaliwa London mwaka wa 1593, mwana wa mfanya biashara tajiri. Alisoma katika chuo cha Clare huko Cambridge, kisha kwa ajili ya afya yake akasafiri miaka mitano katika nchi za Ulaya. Aliporudi mwaka wa 1618 aliingia katika kazi ya Kampani ya Virginia, iliyosimamia makao ya Waingereza katika Marekani, naye akawa mmoja wa wakuu wake. Mwaka wa 1624 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge. Lakini mwaka ule ule Kampani ilinyang'anywa hati yake ya kifalme, na kazi aliyoitumikia kwa nguvu zake zote ikavunjika. Tena ndugu yake John alikuwa amelemewa na madeni. Mwaka wa 1625 tauni ikaingia London, na jamaa wakauhama mji.

Mama yao, Mary Ferrar, alikuwa amekwisha kuinunua milki ya Little Gidding. Wenyeji wa zamani walikuwa wametoweka, na ardhi imekuwa malisho ya kondoo. Ilibaki nyumba kubwa iliyochakaa, pamoja na kanisa dogo lililogeuzwa kuwa ghala ya majani makavu, na sehemu yake moja zizi la nguruwe. Mama huyu, aliyepita umri wa miaka 70, alipofika hakukubali kupumzika nyumbani kabla kanisa halijasafishwa. Mafundi waliokuja kutengeneza nyumba waliitwa kwanza kanisani.

Mwaka wa 1626 Nicholas alipewa ushemasi na Askofu William Laud. Rafiki zake wakubwa walimtolea vyeo vyenye mapato mema, akavikataa vyote. Wala hakutaka upadre, akabaki shemasi hata kufa kwake. Akarudi kitongojini kwa mama yake, kwa John, na kwa dada yao Susanna Collett mwenye watoto wengi. Wote pamoja na watumishi walikuwa watu wapata 30 hata 40.

Mara tatu kila siku waliandamana wawili wawili kwenda kanisani. Nyumbani, kila saa ilikuwa na Zaburi zake, hata Zaburi zote 150 zikamalizika kila siku. Usiku wengine walikesha toka saa tatu hata saa saba, na saa saba Nicholas mwenyewe huamka kusali. Maisha haya hayakuwa mepesi, wala si wote walioyapenda: Bathsheba, mke wa John, aliona uzito wake wala hakuuficha.

Lakini sala zao hazikufungiwa ndani. Palikuwa na nyumba kubwa ya njiwa. Wakaona kwamba njiwa hula nafaka ya jirani, wakawaondoa, wakaifanya nyumba ile kuwa shule. Watoto wa vijiji vya karibu walikuja siku ya Jumapili, na kila aliyejua Zaburi kwa moyo alipewa peni moja kwa kila Zaburi, kisha chakula cha mchana. Wasichana wa jamaa waliwafunga wagonjwa vidonda na kuwapa dawa. Walijifunza pia kujalidi vitabu. Wakakata maneno ya Injili nne kwa makasi, wakayabandika kwa taratibu hata yakawa habari moja ya maisha ya Bwana wetu. Mfalme Charles I aliazima kitabu kimoja, akakipenda, akaomba afanyiziwe chake.

Mwaka wa 1633 padre George Herbert, alipokaribia kufa, alimpelekea Nicholas mashairi yake, avichome au avipige chapa kama aonavyo vyema. Nicholas akayapiga chapa, nayo yasomwa hata leo.

Siku tatu kabla ya kufa, Nicholas alionyesha mahali pa kaburi lake mbele ya mlango wa kanisa, akaamuru vitabu vyake vya michezo na vya mapenzi vichomwe pale pale. Akafa tarehe 4 Desemba 1637, saa saba ya usiku, saa yake ya kuamka.

Mwaka wa 1641 adui walitoa kijitabu cha kuwasingizia jamaa hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja. Mwaka wa 1646 mfalme aliyeshindwa alifika usiku kutafuta kimbilio, na John akamwongoza mpaka nyumba nyingine ya salama. John na Susanna walikufa mwaka wa 1657, na jamaa ikatawanyika.

Leo nyumba ile kubwa haipo. Kanisa dogo lipo, lililojengwa upya upande wa mbele mwaka wa 1714, na kaburi liko mlangoni pake. Watu waenda kusali. Ndugu walimu, mnaofundisha mahali pasipojulikana, angalieni: kazi kuu ya Nicholas ilivunjika London, na ile ndogo ya kitongojini, ya Zaburi moja kwa mtoto mmoja, ndiyo iliyokaa.