Decauville: mkulima aliyefanya reli ibebwe begani

Kama umewahi kupitisha mkokoteni kwenye mbuga za Shinyanga mvua zikiwa zimekolea, hii stori utaielewa haraka. Udongo ule mweusi hauna masihara. Gurudumu likishazama, hata ng'ombe wanne hawatoshi.

Sasa lihamishe tope hilo hadi Ufaransa, katikati ya miaka ya 1870. Ni kwenye shamba la Petit-Bourg, kusini mwa Paris. Maelfu ya tani za viazisukari, vile vinavyotengenezwa sukari na pombe, vimeshavunwa lakini bado viko shambani. Mvua haikatiki, mikokoteni inazama, na mzigo ukichelewa unaoza.

Mwenye shamba anaitwa Paul Decauville, kijana ambaye hajafika hata miaka 30.

Alizaliwa Juni 7, 1846, kwenye familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa na mashamba makubwa, kiwanda cha kutengeneza pombe, pamoja na karakana ya kurekebisha mashine za mvuke za kulimia. Baba alipofariki mwaka 1871, Paul akashika usukani. Kwa hiyo huyu jamaa hakuwa fundi wa reli. Alikuwa mkulima mwenye karakana nyuma ya nyumba, na nadhani hicho ndicho kilichomsaidia.

Reli za kawaida alizijua, kila mtu alizijua. Lakini ungechimba tuta, upange mataruma, upigilie misumari, kisha wiki mbili baadaye uhamie upande wa pili wa shamba? Ni hasara tupu. Kulikuwa na Mfaransa mwingine, Corbin, aliyekuwa ametengeneza njia ya mbao inayobebeka, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Decauville akaona wazo ni zuri, ila akataka chuma.

Karakana yake ikatoa vipande vifupi. Kila kipande kilikuwa na reli mbili nyembamba, na chini yake mataruma ya chuma yaliyofungwa kwa ribiti, vyote kitu kimoja. Upana kati ya reli ulikuwa milimita 400 tu mwanzoni. Mtu mmoja au wawili wanakibeba, wanakilaza juu ya udongo, wanakichomeka kwenye kingine na kazi inaendelea. Kesho mnakinyanyua mnahamia kwingine.

Siri iko kwenye kiungo

Watu wakisikia treni wanawaza kichwa kinachotoa moshi. Kwa Decauville, mambo yote yalikuwa kwenye ncha za vipande. Upande mmoja wa kipande ulikuwa na vyuma vya kuungia ambavyo tayari vimefungwa. Ukisogeza kipande kingine, reli yake inaingia humo na kukaa sawa.

Watoto wa Ulaya waliujua mchezo huo kwa namna nyingine. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye reli za vipande. Ukitaka kuelewa hesabu ya reli hizi, kubwa au ndogo, anzia kwenye hizo za kuchezea.

Chukua kipande cha kona kinachogeuza nyuzi 30. Ukiunganisha 12, umerudi ulipoanzia, umepata duara. Unataka njia iwe ndefu? Ingiza kipande kilichonyooka upande mmoja, lakini hakikisha unaingiza kingine cha urefu uleule upande wa pili, la sivyo ncha hazitakutana. Kuna watu wataona pengo la sentimita moja, watalilazimisha, na njia itafunga kweli. Lakini viungo vimeshapinda, na behewa litaangukia hapohapo kila likipita.

Kuna kipande kingine chenye akili zaidi, kile cha kuchepusha treni kwenda njia ya pembeni. Kikitengenezwa vizuri, upande wake ulionyooka unakuwa na urefu wa kipande cha kawaida. Unaondoa cha zamani, unaweka hicho, na njia nzima inabaki kama ilivyokuwa. Shambani ndivyo unavyozalisha tawi jipya bila kubomoa kitu.

Mamilioni wapanda

Kufikia miaka ya 1880, Decauville alikuwa na kiwanda kikubwa na alikuwa anauza njia zake nje ya nchi. Akawa meya kwao, na kuanzia 1890 hadi 1900 akawa seneta.

Kilele chake kilikuwa Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1889, yaleyale yaliyoleta Mnara wa Eiffel. Aliweka njia ya kilomita kama 3 hivi, upana milimita 600, kubeba wageni ndani ya maonyesho. Ndani ya miezi sita hivi, abiria zaidi ya milioni 6 walipanda. Yalibandikwa matangazo kwa lugha nyingi kuwaonya watu wasitoe mikono na miguu nje, maana njia ilipita karibu kabisa na miti.

Jeshi la Ufaransa nalo likachukua upana huohuo kwa ajili ya kusafirisha mizinga na risasi. Na hapo ndipo hadithi inapokuja kwetu.

Kutoka Mombo hadi Handeni

Enzi za Wajerumani, mashamba ya mkonge ya Tanga na Usambara yalikuwa na reli nyembamba za aina hii. Nyingi ziliuzwa na washindani wa Decauville kama Orenstein & Koppel wa Berlin.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, Wajerumani walikuwa na tatizo. Reli ya Tanga kwenda Moshi na reli ya Dar es Salaam kwenda Kigoma zilikuwa haziunganiki. Wakang'oa reli za mashambani, wakazilaza kutoka Mombo hadi Handeni ili mizigo ishuke kuelekea kusini. Wanaosifia uvumbuzi huu kuna jambo huwa wanaliruka: matoroli ya njia ile yalisukumwa kwa mikono, na waliosukuma walikuwa Waafrika. Reli iliondoa tope. Jasho halikuondoka, lilihamishwa tu.

Shinyanga yenyewe ilipata reli ya aina tofauti, ya kudumu, upana wa mita 1, iliyotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928. Sasa SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ina upana wa milimita 1,435. Hizo zote ni za safari ndefu. Tatizo la Decauville lilikuwa mita mia chache za mwisho, na hilo bado lipo. Nenda kwa wachimbaji wadogo Geita uone mawe yanavyotoka kwenye duara kwenda kwenye karasha. Mara nyingi ni viroba, mabega na pikipiki.

Mwisho wake

Biashara haikuendelea kumnyookea. Miaka ya 1890 kampuni iliyumba kifedha, naye akaachia uongozi. Jina likabaki mlangoni bila mwenyewe. Kampuni ikajaribu baiskeli, kisha magari. Moja ya magari hayo lilinunuliwa na Mwingereza Henry Royce. Hakuridhika nalo, akaamua kutengeneza la kwake mwaka 1904. Rolls-Royce ilianzia hapo.

Paul Decauville alifariki Aprili 30, 1922, akiwa na miaka 75. Huko Uturuki, mpaka leo reli nyembamba inaitwa dekovil, na wengi wanaolitamka neno hilo hawajui kuwa ni jina la mtu.