Aristote: mwalimu aliyesema wema unajifunzwa kwa kutenda

Wanafunzi wengi wanasoma kwenye lisee bila kujua jina hilo linatoka wapi. Linatoka Lykeion, fasi ya mazoezi inje ya kuta za mji wa Athene, ambako Aristote alifungua shule yake mwaka wa 335 mbele ya Yesu Kristo.

Alizaliwa mwaka wa 384 huko Stagire, kaskazini mwa Ugiriki. Baba yake alikuwa mganga wa mfalme wa Makedonia. Akiwa na miaka 17, akaenda Athene kwenye shule ya Platon, akabaki pale miaka 20. Nyuma, mfalme Philippe akamwita amfundishe mtoto wake Alexandre, mwenye miaka 13. Philippe huyo njo alikuwa amebomoa Stagire. Aristote akakubali ile kazi.

Kisha, kule Lykeion, akafundisha kwamba kujua wema hakutoshi. Mtu anakuwa mwashi kwa kujenga. Vilevile anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, siku kwa siku tangu utoto, mpaka inakuwa tabia. Tena wema uko katikati. Ushujaa uko kati ya woga na kujitupa kwenye hatari bila kufikiri. Ukarimu uko kati ya uchoyo na kutapanya mali. Hata hasira iko na kipimo chake.

Kipimo hicho kilimshinda mwanafunzi wake. Alexandre alishinda nchi nyingi, lakini mwaka wa 328, akiwa amelewa, alimuua kwa hasira Clitus, rafiki aliyemwokoa vitani. Kuwa na mwalimu mkubwa hakukutosha.

Mwalimu mwenyewe pia alikuwa na giza lake. Alitetea utumwa, akisema watu wamoja wamezaliwa kuwa watumwa. Lakini katika wosia wake aliagiza baadhi ya watumwa wake waachiliwe huru.

Alexandre alipokufa mwaka wa 323, watu wa Athene wakageukia marafiki wa Makedonia. Aristote akashitakiwa kwamba haheshimu miungu. Akakimbilia Chalcis, akafia pale mwaka wa 322, akiwa na miaka 62.

Fundisho lake lingali linauliza wazazi na walimu jambo moja: somo la tabia njema linasaidia nini, kama mtoto anaambiwa asiibe, kisha anaona wakubwa wanaiba?