Usuli wa Kihistoria: Sultani Hamad bin Thuwaini

Mtahiniwa anayesoma tamthilia kuhusu uchu wa madaraka atafaidika kumjua Hamad bin Thuwaini, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1893 hadi 1896. Usimchanganye na Hamoud bin Mohammed aliyemfuata. Majina yanakaribiana, watu ni tofauti.

Hamad alikuwa mjukuu wa Seyyid Said. Baba yake, Thuwaini, alitawala Oman hadi 1866, alipouawa na mwanawe mwenyewe, Salim. Hamad basi alikulia katika ukoo ambamo kiti cha enzi kilikuwa kimekwisha kumwaga damu ya baba.

Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani Ali bin Said alipofariki Machi 1893, kijana Khalid bin Barghash, binamu yake Hamad, aliingia jumbani akitaka kutawala. Waingereza wakamtoa, wakamtawaza Hamad. Khalid hakusahau.

Hapa ndipo penye mgogoro wa mhusika huyu: aliyeketishwa na mgeni hutawala kwa masharti ya mgeni. Hamad alijiundia kikosi cha walinzi wake mwenyewe, nacho kikagongana na askari waliokuwa chini ya maofisa wa Kiingereza. Lakini kwetu sisi wa Mombasa, jambo zito zaidi ni mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895. Kwa mkataba huo, Hamad aliwaachia Waingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili 10, naye akawa analipwa fedha kila mwaka. Likoni, Kisauni na Changamwe zote zimo katika ukanda huo. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, ila amri zilitoka kwingine. Hali hiyo ilidumu hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Huo ni mfano mzuri wa kinaya, kama unautafuta.

Miezi minane baada ya mkataba, tarehe 25 Agosti 1896, Hamad alifariki ghafla kabla ya adhuhuri. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 39. Minong'ono ya sumu ikaenea, na kidole kikamwelekea Khalid, kwa kuwa saa chache tu baadaye alikuwa amekwisha kuingia jumbani na kujitangaza sultani. Haraka yake ndiyo iliyomponza. Hata hivyo, tuhuma hiyo haikuthibitishwa kamwe, na walionufaika kwa Khalid kuonekana mhalifu ni wale wale waliotaka kumng'oa. Katika jibu lako andika kwamba alishukiwa, usiandike kwamba aliua.

Waingereza walimpa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 aondoke. Alikataa. Manowari zikaanza kupiga jumba, na katika muda usiotimia saa nzima watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Siku hiyo hiyo Hamoud akatawazwa.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, kisha akasafirishwa hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni. Baadaye aliruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, na alifariki mwaka 1927 hapa Mombasa, katika ukanda ule ule uliotiwa saini na binamu yake.