Mchungaji John Chilembwe na Jumapili ya Tarehe 24 Januari



Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukisoma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, nilimtaja mchungaji mmoja wa Kibaptisti wa Nyasaland, nchi ambayo leo tunaiita Malawi. Dakika zangu ziliisha kabla sijamaliza habari zake. Baada ya ibada ya pili vijana walinifuata pale nje, wakauliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimesimama: je, mchungaji huyo alikosea? Basi nimeomba nafasi wiki hii nimweleze John Chilembwe tangu mwanzo.

Alizaliwa mnamo 1871 hivi, upande wa Chiradzulu, kusini mwa nchi ile. Alisoma kidogo kwa wamishonari wa Scotland pale Blantyre. Mwaka wa 1892 akaingia mmishonari Mwingereza aitwaye Joseph Booth, mtu aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kuitwa, mke wake amefariki muda mfupi uliopita, na binti mdogo, Emily, yuko naye. Chilembwe alikwenda kwake kuomba kazi ya upishi. Akawa zaidi ya mpishi. Emily alipougua homa, kijana huyu ndiye aliyekuwa karibu naye, na binti huyo alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu akimkumbuka kwa upendo mkubwa. Wapendwa, wekeni hilo akilini, nitalirudia.

Mwezi wa Julai 1893 Booth alimbatiza. Booth hakuwa mzungu wa kawaida wa siku zile. Aliamini kwamba Afrika ni ya Waafrika, akalisema wazi, na wenzake hawakumpenda kwa hilo. Mwaka wa 1897 alisafiri na Chilembwe mpaka Marekani. Huko Wabaptisti weusi walimpokea kijana huyu kama ndugu, wakamsomesha katika chuo cha theolojia pale Lynchburg, Virginia. Hebu fikirieni alichokiona. Watu ambao wazazi wao waliuzwa sokoni kama ng'ombe, sasa wana makanisa yao, vyuo vyao, magazeti yao, na wanaume wao wanatembea na suti na kofia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1900 akiwa mchungaji aliyewekewa mikono. Akanunua ekari 93 mahali panapoitwa Mbombwe na kuanzisha Providence Industrial Mission. Mniruhusu hapa niongee kama mtu aliyesomea biashara kabla ya kusomea Biblia. Mpango wake ulikuwa mzuri. Hakuanza na jengo kubwa. Alianza na shule, shamba la kahawa na pamba, na ufundi wa kufyatua matofali. Mkewe, Ida, alifundisha akina mama kushona. Wamarekani weusi wawili, Landis Cheek na Emma DeLany, walikuja kumsaidia kwa miaka michache. Mwaka wa 1909 aliwakusanya Waafrika wenye biashara ndogo ndogo wakafanya chama chao. Udhaifu wa mpango ule ulikuwa mmoja, na tunaujua hata sisi: fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa mbali, na wafadhili wakilegea, kazi inayumba. Hata hivyo, baada ya miaka kumi na zaidi kanisa kubwa la matofali lilisimama pale Mbombwe. Alihubiri kazi, usafi, elimu na kuacha pombe. Hapo hamna mwasi.

Sasa majirani zake. Karibu na Mbombwe palikuwa na shamba la Magomero, zaidi ya ekari 160,000, mali ya familia ya Bruce, wakwe wa yule David Livingstone tuliyemsoma shuleni. Meneja wake aliitwa William Jervis Livingstone. Waafrika waliokuwa wakiishi ndani ya shamba hilo walilipa pango kwa kazi, na kazi hiyo iliitwa thangata. Neno lenyewe ni zuri. Kwa lugha yao lilimaanisha kusaidiana, kama wazee wetu walivyolimiana kwa zamu. Mashambani kwa wazungu likageuka kuwa kulimia bwana shamba wiki baada ya wiki, msimu ule ule wa mvua unapotakiwa kupanda mahindi yako. Kodi ya kibanda ya serikali nayo ilikuwa pale pale. Wengi wa watu hao walikuwa washirika wa Chilembwe. Walijenga vijikanisa vya nyasi humo shambani ili wasali karibu na nyumbani, na Livingstone akaamuru vichomwe.

Mtu akivaa kofia na viatu, mzungu angeweza kumsimamisha njiani na kumwamuru aivue. Ipo picha ya Chilembwe, ya mwaka wa 1914, amesimama na mmishonari mzungu, wote wawili na kofia kichwani. Picha hiyo ilichongwa ikawa sanamu kubwa, ikasimama pale Trafalgar Square, London, kuanzia 2022 mpaka 2024. Kofia tu, lakini ilikuwa neno zito.

Halafu vita vikaja. Agosti 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana, na Septemba Wajerumani wakashambulia Karonga, kaskazini mwa Nyasaland. Askari Waafrika wa King's African Rifles walikufa kwa ugomvi usiowahusu. Wachukuzi nao walikusanywa kwa maelfu, hapa kwetu na kwao. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina yao kwa wachukuzi hao. Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Aliuliza kwa adabu kwa nini Mwafrika afe kwa vita vya watu wengine ilhali wakati wa amani hapewi haki yoyote, na kwa nini wenye mali wasiende wao. Serikali ililizuia toleo lile la gazeti. Barua haikuwafikia wasomaji.

Nimeisoma historia hii mara kadhaa, na kila mara nasimama hapo kwenye barua. Miaka kumi na minne ya matofali, shule na ibada. Kisha anaandika karatasi moja ya malalamiko, na karatasi hiyo inafungiwa.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Januari 1915, watu wake walivamia Magomero. Livingstone aliuawa ndani ya nyumba yake na kichwa chake kikakatwa. Wazungu wengine wawili waliuawa pia. Kundi jingine lilikwenda Blantyre kutafuta bunduki katika ghala la kampuni, likapata chache tu. Alikuwa amewatumia hata Wajerumani wa Tunduru barua kuomba msaada, jambo ambalo mimi naliona la kukata tamaa, kwa sababu Wajerumani wenyewe miaka michache tu kabla yake waliwamaliza watu wa kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji. Lakini aliwaamuru watu wake wasiguse wanawake wala watoto, nao wakatii. Familia za wazungu waliouawa zilichukuliwa, zikatunzwa njiani, zikaachiliwa zikiwa hai.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ibada ilifanyika Mbombwe. Kichwa cha Livingstone kilikuwa juu ya mti mle kanisani, na mchungaji akaongoza ibada.

Nimejaribu kukaa kwenye benchi la kanisa lile kwa mawazo. Mtu aliyemwuguza binti wa mzungu akiwa na homa. Mtu aliyewaagiza watu wake wawahurumie watoto wa adui usiku uliopita. Sasa anafungua Biblia kando ya kile kichwa. Washirika waliimba nini asubuhi hiyo? Watoto walikalishwa wapi? Mimi nashindwa, wapendwa. Naweza kumwelewa mpaka mlangoni mwa kanisa, lakini ndani siingii naye.

Watu wengi hawakuinuka kama alivyotarajia. Tarehe 26 kundi moja lilichoma misheni ya Kikatoliki ya Nguludi na kumjeruhi padre, na siku hiyo hiyo askari wakaiteka Mbombwe. Chilembwe, ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika na pumu inamsumbua, alikimbilia upande wa Mozambique. Tarehe 3 Februari alipigwa risasi karibu na Mulanje kabla ya kuvuka. Alizikwa bila alama. Watu wapatao 40 waliuawa kwa hukumu na 300 hivi wakafungwa. Kanisa lile la matofali serikali ililibomoa kwa baruti.

Tume ya uchunguzi ilipoketi, wazungu wenyewe walikiri kwamba hali ya Magomero ilikuwa mbaya na kwamba uongozi wa Livingstone ulichangia. Malalamiko yale yale, sasa yakiwa katika ripoti ya serikali. Thangata iliendelea miaka mingi bado. Mwaka wa 1926 alirudi Daniel Malekebu, mtoto aliyesoma Mbombwe, akamfuata Emma DeLany mpaka Marekani na kuwa daktari. Yeye ndiye aliyeifungua misheni tena, na miaka ya 1930 kanisa jipya la matofali likasimama mahali pale pale. Leo tarehe 15 Januari ni siku ya mapumziko nchini Malawi kwa heshima ya Chilembwe, na sura yake imechapishwa kwenye noti za kwacha.

Vijana, mliniuliza kama alikosea. Kwa upanga, nasema alikosea, na kwa ibada ile ya Jumapili alikosea zaidi. Sitaficha hilo kwa sababu ni shujaa. Lakini siwezi kuanza kuhesabu makosa kuanzia Januari 1915. Wilaya ile ilikuwa na wamishonari wengine waliokuwa na nafasi ya kuongea na Gavana. Walijua thangata ni nini, na sauti zao hazikutosha kuiondoa. Walichomewa vijikanisa watu maskini, na Jumapili iliyofuata makanisa mengine yalisali kama kawaida.

Hapo ndipo habari hii ilipopiga hodi kwangu. Mwaka jana washirika wetu watano walikuja ofisini. Walikuwa hawajalipwa mshahara miezi mitatu. Niliwaombea, nikawapa unga kutoka mfuko wa wahitaji, nikawaambia wamwachie Bwana. Kwa mwajiri wao sikuandika hata mstari mmoja, na sababu naijua: ni mtu anayetoa vizuri kwenye mfuko wetu wa jengo. Hakuna serikali iliyoifungia barua yangu. Sikuiandika tu.

Nimeongea na Mchungaji Kiongozi, na sasa barua ipo, inangoja sahihi. Wale watano, na mshirika mwingine yeyote mwenye shida kama hiyo, tuonane ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Mje na karatasi zozote za mshahara mlizo nazo, hata kama ni meseji za M-Pesa tu.