Maisha ya Profesa Hermann Föttinger

Likizo ya Desemba iliyopita motokaa ya babu yangu pale Tunduma iliugua. Ni gari kuukuu la Kijerumani la mwaka 1981, lisilo na pedeli ya klachi. Gia hujibadilisha zenyewe. Ghafla gia zikawa zinaingia kwa kishindo, gari likapiga teke kama punda. Fundi wa kwanza alisema giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilipita thamani ya gari zima, na babu akaanza kutafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Gari hilo ndilo humpeleka bibi hospitali Vwawa.

Nilimwuliza baba mdogo gari linakwendaje bila klachi. Hakujua, nami nikaenda kutafuta vitabuni. Ndiko nilikomkuta Profesa Föttinger.

Alizaliwa mjini Nuremberg, Ujerumani, tarehe 9 Februari, 1877. Alisomea uhandisi wa umeme mjini München, na mwaka 1899 akaajiriwa katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, ambao leo ni mji wa Poland uitwao Szczecin. Wajenzi wa meli walikuwa na taabu moja. Mashine mpya za mvuke zilizunguka kwa kasi mno, bali rafadha ya meli hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole. Na meno ya gia za siku zile hayakuweza kubeba nguvu kubwa kiasi hicho.

Kwanza alifikiri kutumia umeme, lakini mitambo yake ingekuwa mizito na ya gharama. Ndipo akawaza maji: pampu iyasukume, nayo yazungushe gurudumu la pili. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona ni la ajabu. Aliyaondoa mabomba yote yaliyokuwa katikati, akayaweka magurudumu yale yakitazamana ndani ya chungu kimoja cha chuma. Hati ya uvumbuzi huo ni ya mwaka 1905. Asiyeelewa na achukue mapangaboi mawili ya mezani, ayatazamanishe, awashe moja tu. La pili nalo litaanza kuzunguka, ingawa hayagusani.

Katika meli uvumbuzi huo haukutawala muda mrefu. Wakataji wa gia walizidi kuwa hodari, na gia zao zilipoteza nguvu kidogo kuliko maji. Wakati huo Föttinger alikuwa mwalimu, profesa mjini Danzig tangu 1909, na Berlin tangu 1924. Lakini chungu chake kilihamia barabarani, mafuta yakashika nafasi ya maji. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotoa giaboksi iitwayo Hydra-Matic, magurudumu yenye kutazamana yalikuwa ndani yake. Yeye alifariki Berlin tarehe 28 Aprili, 1945, wakati majeshi ya Kisovieti yakipigana ndani ya mji huo, siku kumi tu kabla ya vita kwisha Ulaya.

Sasa nirudi kwenye gari. Alikuja mzee mmoja, fundi wa malori ya mpakani. Huyu hakutaja bei. Aliwasha injini mpaka ikapata moto, akapima mafuta ya giaboksi injini ikiwa inanguruma, akayanusa. Yalikuwa mekundu, hayanuki kuungua. Basi chungu cha Profesa na sahani za ndani vilikuwa vizima. Ndipo akafuata kwa kidole mpira mwembamba uvutao hewa kutoka injini, ambao huiarifu giaboksi injini imebeba mzigo kiasi gani. Ulikuwa umepasuka. Giaboksi ilidhani dereva amekanyaga mafuta mpaka chini, ikaingiza gia kwa nguvu zote.

Kipande cha mpira kilipatikana dukani siku ile ile. Kesho yake babu alimpeleka bibi Vwawa, nami nikakaa nyuma, nimetega sikio nisikie gia zikibadilika. Sikusikia hata moja.